Laini tatu, tundu moja: kuunga kampuni kadhaa za intaneti kwenye rauta ndogo

Msimu wa maombi ya vyuo, ofisi ndogo za huduma za mtandao hapa Chake Chake, Pemba, hujaa vijana tangu saa mbili asubuhi. Wametoka Wete, Konde, Mkoani, wengine wamefuatana na wazee wao, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Intaneti ikikatika saa kumi jioni siku ya mwisho ya kutuma fomu, huna neno la kumpoza kijana yule. Dada mwenye ofisi moja ya namna hiyo aliponiita, alinieleza shida yake kwa ufupi: "Fundi, kasi niliyonayo yanitosha. Nataka isikatike."

Laini alikuwa nazo tatu: faiba, na modemu mbili za 4G za kampuni tofauti. Faiba ikilala, alikuwa akiinama chini ya meza, anachomoa kebo, anachomeka ya modemu, anawasha rauta upya, na watu wamesimama wanamtazama. Rauta yake ni MikroTik hEX, ina matundu matano. La 1 lilikuwa la faiba, la 2 swichi ya kompyuta, la 3 Wi-Fi, la 4 kinasa picha za kamera. La 5 liliungua kwa radi ya masika. Alishashauriwa anunue rauta kubwa ya matundu kumi.

Haikuhitajika. Watu wengi wanaamini kila laini lazima iwe na tundu lake kwenye rauta. Tundu moja linaweza kubeba laini tatu, tano, hata kumi, bila kuchanganyika, ukiweka mbele yake swichi inayojua VLAN, yaani inayotenganisha data za kila laini kwa lebo zenye namba. Hapa chini nimeandika kazi ile kama nilivyoifanya, pamoja na makosa niliyoyajua kwa kuyafanya.

Kwanza: je, laini zako ni tatu kweli?

Kabla ya kununua chochote, kaa na kalamu. Andika kila laini inapita wapi kutoka ofisini mpaka nje ya kisiwa, kwa kadiri unavyoweza kujua. Laini mbili zinazokutana mahali pamoja zitakufa pamoja mahali hapo.

Mfano wa karibu: kuna watu bado wana laini ya zamani ya Zantel na ya Tigo, wakihesabu kampuni mbili. Tangu Novemba 2024 zote mbili ni Yas. Hiyo ni kampuni moja yenye kadi mbili. Chukua ya pili kwingine.

Halafu minara. Kampuni kadhaa hukodi nafasi kwenye mnara mmoja, na mnara ukikosa umeme na betri zikaisha, zote zinanyamaza. Toka nje, angalia mnara ulio karibu, kisha geuza modemu ya pili upande mwingine wa mji uone kama inapata mawimbi ya kutosha kutoka mnara mwengine. Mawimbi dhaifu kidogo kutoka mnara wa pili yana faida kuliko mawimbi makali kutoka mnara ule ule.

Na kuna mahali ambapo fundi huwezi kufika. Tarehe 12 Mei 2024 mikonga ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania nzima ikayumba. Siku kama ile, mwenye laini tatu alibaki na ile tu ambayo kampuni yake ilikuwa na njia nyengine ya kutokea. Mwambie mteja hivyo mapema, asije akadhani umemuuzia kinga ya kila kitu. Kwa kukatika kwa kila siku, yaani faiba iliyokatwa na wachimbaji wa barabara, mnara uliozima, bando lililoisha, laini tatu zilizotengana zinatosha.

Vifaa

Rauta inayokubali VLAN. MikroTik zote zinakubali, hata ndogo kabisa. Rauta nyingi za bure za kampuni za simu hazikubali, kwa hiyo ziache zifanye kazi ya modemu tu.

Swichi yenye ukurasa wa mipangilio, inayofuata kiwango cha 802.1Q, ndicho cha lebo za VLAN. Nilitumia TP-Link TL-SG108E ya matundu manane. Ya matundu matano, TL-SG105E, ingetosha pia. Angalia ile herufi E mwishoni. Kuna inayofanana nayo kwa umbo isiyokuwa na herufi hiyo, na haina mipangilio yoyote. Ukiitia modemu tatu, zitapiga kelele zote kwa pamoja na hutopata kitu.

Kebo fupi nne na karatasi ya kubandika majina. Basi.

VLAN inavyofanya kazi, kwa maneno ya nyumbani

Fikiria magunia ya karafuu ya watu watatu yanayopakiwa kwenye gari moja. Kila gunia likiandikwa jina la mwenyewe, gari moja linatosha na hakuna anayepotelewa. Swichi ndiyo inayoandika: data ikiingia kutoka modemu ya faiba inabandikwa lebo yenye namba, tuseme 11, ya modemu ya pili 12, ya tatu 13. Zote zinapanda kebo moja kwenda kwenye rauta. Rauta inasoma lebo na kujua hii imetoka wapi. Ikijibu, inaandika lebo ile ile, na swichi inaibandua kabla ya kumkabidhi modemu, maana modemu haijui habari za lebo na haihitaji kuzijua.

Lebo yenyewe ni baiti 4 tu, na namba unazoweza kutumia ni kuanzia 1 mpaka 4094. Kebo hiyo inayobeba lebo nyingi mafundi huiita tranki. Mimi naiita kebo ya shina.

Mteja ataogopa kwamba kebo moja itapunguza kasi. Tundu la gigabiti linapitisha megabiti 1,000 kwa sekunde kwenda na 1,000 kurudi. Faiba ya ofisi ile ilikuwa ya megabiti 20, na 4G kwa siku nzuri haikufika 40. Shina halikujaa hata robo. Ukitumia swichi kongwe ya megabiti 100, hapo jumla ya laini zako ndiyo itakayogota kwenye 100.

Badilisha anwani za modemu kabla ya kuziunga

Hatua hii ndiyo inayorukwa mno, na ndiyo inayowatesa watu usiku kucha. Modemu mbili za 4G zilizotengenezwa na kiwanda kimoja huja na anwani moja, mara nyingi 192.168.8.1. Rauta ikiona njia mbili zinazodai kuwa ni 192.168.8.1 inachanganyikiwa, na wewe unaona laini moja inafanya kazi leo, nyengine kesho, bila sababu.

Unga kompyuta kwa kila modemu peke yake, ingia kwenye ukurasa wake, ubadilishe. Mimi hufananisha anwani na namba ya VLAN ili nisisahau: faiba 192.168.11.1, modemu ya pili 192.168.12.1, ya tatu 192.168.13.1. Kama kisanduku cha faiba kimefungwa na kampuni na huwezi kukibadilisha, kiache na anwani yake, ubadilishe hizo nyengine tu zisigongane nacho. Ukiwa humo ndani, zima Wi-Fi za modemu. Vijana wakijiunga na Wi-Fi ya modemu moja kwa moja wanapita pembeni ya kazi yako yote, na laini ile ikilala wanalala nayo.

Kupanga swichi

Chora jedwali hili kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta:

Tundu 1: modemu ya faiba, VLAN 11, bila lebo, PVID 11
Tundu 2: modemu ya pili, VLAN 12, bila lebo, PVID 12
Tundu 3: modemu ya tatu, VLAN 13, bila lebo, PVID 13
Tundu 7: la fundi, linabaki VLAN 1
Tundu 8: shina la kwenda rauta, VLAN 11, 12 na 13 zote kwa lebo

PVID ni namba ambayo swichi inaibandika kwenye data inayoingia bila lebo. Ukiweka uanachama wa VLAN ukasahau PVID, data inatoka vizuri lakini inarudi kwenye VLAN 1. Taa zote zinawaka kijani, hakuna intaneti. Nimeshawahi kubadilisha kebo mbili nzima kwa kosa hilo, na kebo hazikuwa na ubaya.

Fuata mpangilio huu. Kaa na kompyuta kwenye tundu la 7, jipe anwani 192.168.0.5, ufungue 192.168.0.1 ambayo ndiyo anwani ya kiwandani ya swichi hii. Badilisha nywila papo hapo. Swichi za bei nafuu hufungua ukurasa wao kwa yeyote anayeufikia, na nywila ya kiwandani inajulikana na kila mtu. Washa 802.1Q. Unda VLAN 11, 12, 13 na wanachama wake. Weka PVID. Mwisho kabisa, rudi kwenye VLAN 1 uyatoe matundu 1, 2 na 3.

Hatua hiyo ya mwisho isiachwe. Matundu matatu ya modemu yakibaki pamoja kwenye VLAN 1 unaacha uchochoro wa nyuma ambamo modemu zinaonana. Tundu la 8 nililiacha VLAN 1 bila lebo kwa makusudi, ili niweze kuifikia swichi kupitia rauta siku nikiwa Wete na yeye ananipigia simu.

Hifadhi. Kisha zima swichi kwenye umeme, iwashe, uangalie mipangilio imebaki. Baadhi ya swichi hazihifadhi mpaka ubonyeze wewe, na hapa kwetu umeme haukai wiki bila kukukumbusha.

Kupanga rauta

Matundu 2, 3 na 4 hayaguswi. Kompyuta, Wi-Fi na kamera zinabaki zilipo. Tundu la 1, lililokuwa la faiba peke yake, sasa linapokea shina. Kwenye RouterOS, mfumo unaoendesha rauta za MikroTik, toleo la 7, niliandika hivi:

/interface vlan
add name=faiba vlan-id=11 interface=ether1
add name=pili vlan-id=12 interface=ether1
add name=tatu vlan-id=13 interface=ether1
/ip address
add address=192.168.11.2/24 interface=faiba
add address=192.168.12.2/24 interface=pili
add address=192.168.13.2/24 interface=tatu
/interface list member
add list=WAN interface=faiba
add list=WAN interface=pili
add list=WAN interface=tatu
/ip route
add dst-address=8.8.8.8 gateway=192.168.11.1 scope=10
add dst-address=1.1.1.1 gateway=192.168.12.1 scope=10
add dst-address=9.9.9.9 gateway=192.168.13.1 scope=10
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=8.8.8.8 target-scope=11 check-gateway=ping distance=1
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=1.1.1.1 target-scope=11 check-gateway=ping distance=2
add dst-address=0.0.0.0/0 gateway=9.9.9.9 target-scope=11 check-gateway=ping distance=3

Kabla ya kuandika hayo, futa mpangilio wa zamani uliokuwa ukiomba anwani kwenye ether1, ama sivyo utabaki na njia ya nne isiyokuwa na kazi. Ile orodha ya WAN ina umuhimu kwa sababu faiawoli ya kiwandani ya MikroTik, na ule mstari wa NAT wa masquerade unaozitoa kompyuta zote nje kwa anwani moja, vinasoma orodha hiyo. VLAN isiyoandikwa humo haitoi mtu nje na wala hailindwi ipasavyo. Kama kampuni yako ya faiba inataka jina na nywila ya PPPoE, itengeneze juu ya VLAN faiba, na utie PPPoE yenyewe kwenye orodha.

Sasa zile njia sita. Ungeweza kuiambia rauta itazame kama modemu ya faiba inajibu. Lakini modemu iko mezani, itajibu siku zote, hata faiba imekatwa Machomanne. Ndiyo sababu tunaifanya rauta iulize mbali zaidi: je, kupitia faiba naifikia 8.8.8.8, seva ya Google iliyo huko kwenye intaneti? Inatuma ulizo kila sekunde 10, na mara mbili ikikosa jibu inahesabu njia ile imekufa, inahamia ya pili. Faiba ikirudi, inarudi yenyewe. Mteja anahisi kama sekunde ishirini za kigugumizi.

Hapa pana mtego ulionipotezea siku nzima. Kwa mpango huu, 8.8.8.8 inafikiwa kwa njia ya faiba tu. Kompyuta zako zikiwa zinatumia hiyo hiyo 8.8.8.8 kama DNS, yaani seva ya kugeuza jina la tovuti kuwa anwani, faiba ikikatika rauta itahamia laini ya pili vizuri sana, na bado hakuna tovuti itakayofunguka, kwa sababu majina yanaulizwa kwenye njia iliyokufa. Kwa DNS tumia anwani nyengine ambazo hukuzifunga kwenye njia yoyote, mfano 8.8.4.4 na 1.0.0.1. Anwani tatu za uchunguzi ziache kwa uchunguzi.

Kujaribu

Usijaribu kwa kuchomoa kebo ya modemu kwenye swichi. Jaribio hilo ni jepesi mno. Chomoa waya wa faiba nyuma ya kisanduku chake, kisanduku kibaki kinawaka. Hivyo ndivyo kukatika kwa kweli kunavyokuwa. Kwa modemu ya 4G, toa kadi. Acha ukurasa wa tovuti unaojifungua upya kwenye kompyuta moja, na simu moja ipige kwa WhatsApp. Simu itakatika na utapiga tena. Hilo ni la kawaida, kwani anwani ya nje imebadilika katikati ya mazungumzo. Kurasa ziendelee.

Kompyuta ikikosa intaneti, soma anwani iliyopata kabla ya kugusa kitu chengine. Ofisini mtandao wa ndani ni 192.168.20. Ukiona kompyuta imepata 192.168.12 au 13, jua kuna modemu imevuja mpaka ndani: ama mtu amechomeka kebo ya kompyuta kwenye modemu yenyewe, ama Wi-Fi ya modemu haijazimwa. Anwani hiyo itakuonyesha pa kwenda haraka kuliko taa yoyote.

Je, zitumike zote kwa pamoja?

Nitaulizwa, basi nijibu. RouterOS inaweza kugawa watu kwenye laini tatu kwa wakati mmoja, kwa njia iitwayo PCC. Kwa nyumba ya wageni Paje au Nungwi, ambako watu arobaini wanatazama video, ningeigawa. Kwa ofisi ya fomu sikubali. Tovuti za benki na za maombi humtoa mtu akionekana kaingia kwa anwani hii na dakika hiyo hiyo anatuma kwa anwani nyengine; kijana anarudishwa mwanzo na fomu yake. Ukilazimika kugawa, gawa kwa kompyuta: hizi nne faiba, hizi mbili laini ya pili, kila moja ibaki pake mpaka laini yake ife. Na uzime FastTrack, njia ya mkato ya rauta ya kupitisha data haraka, maana inaruka alama unazoziweka za kugawa laini.

Cha kuangalia zaidi ni bando. Siku faiba ilipolala saa tatu, kompyuta sita ziliamua kupakua masasisho ya Windows kwa kutumia kadi ya 4G, na bando la mwezi likaisha kabla ya adhuhuri. Weka kila kompyuta kwenye hali ya intaneti ya kupimwa (metered connection), na uizuie kamera isitoke nje kupitia laini za 4G.

Modemu juu ya paa

Kama mawimbi ni mazuri juu, peleka modemu zote mbili juu pamoja na swichi nyengine ndogo ya VLAN, ushushe kebo moja tu. Lebo zitapita kama kawaida. Swichi ya chini iwe na tundu moja linalopokea VLAN 12 na 13 kwa lebo. Kebo isizidi mita 100. Iwe ya shaba tupu na ganda la kuvumilia jua, vifaa vikae ndani ya sanduku lililozibwa kwa chini, kwani chumvi ya upepo wa kusi inakula vichwa vya kebo ndani ya miezi. Tia kinga ya radi yenye waya wa ardhi kwenye kebo hiyo kabla haijaingia ndani. Lile tundu la 5 lililokufa lilikuwa limeungwa na kebo ya paani isiyokuwa na kinga.

Umeme

Umeme wa Pemba tangu 2010 unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari, na ukikatika laini zote tatu zinazima ofisini kwa mpigo hata kama minara inawaka. Rauta, swichi na modemu ziwe kwenye UPS yao peke yao, mbali na kompyuta na printa. Pamoja hazili umeme mwingi, kwa hiyo hata UPS ndogo itazibeba muda mrefu, na simu na kompyuta za mkononi zitaendelea kutuma fomu. Ukinunua ile UPS ndogo ya kutoa umeme wa betri moja kwa moja, soma voltaji nyuma ya kila kifaa. Modemu nyingi ni volti 12, swichi mara nyingi ni chini ya hapo, na plagi zao zinaingiliana bila kukuonya.

Karatasi ya mlangoni

Nilipomaliza nilibandika majina kwenye kebo zote, ncha zote mbili, na ndani ya mlango wa kabati nikabandika karatasi: tundu gani ni la nani, namba za VLAN, anwani za modemu, namba za kadi za kuongezea bando, na simu za huduma za kila kampuni. Nywila sikuziandika hapo. Ziko kwenye daftari lake la hesabu, ambalo halitoki nyumbani.

Tulikubaliana pia kwamba kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, akifunga kwa ajili ya sala, anachomoa waya wa faiba, anahesabu mpaka thelathini, anafungua ukurasa wowote kwa simu yake, kisha anaurudisha. Mara ya pili alipofanya hivyo ukurasa haukufunguka. Kadi ya laini ya pili ilikuwa imeisha bando wiki mbili zilizopita, na hakuna aliyejua, kwa kuwa faiba ilikuwa nzima wakati wote. Laini ya tatu nayo ilikuwa bado haijarudishwa baada ya kuazimwa harusini. Akaongeza bando, akaenda kuifuata modemu yake, na maombi ya vyuo yalikuwa yanafunguliwa Jumatatu.